Harmonika uishike kwa mkono upi? Maliza hili kabla ya wimbo wa kwanza

Mwanafunzi mpya akija kwangu, naweka harmonika, yaani kinanda cha mdomo, mezani na kumwambia aichukue. Karibu wote wanaichukua kwa mkono wa kulia. Ndivyo tulivyolelewa: kulia ndio mkono wa kulia chakula, wa kupokelea, wa kusalimia, na mtoto akinyoosha wa kushoto anaulizwa, "Mkono gani huo?" Nikimwambia ahamishie kushoto husita kidogo, kana kwamba nimemfundisha utovu wa adabu.

Sababu ni hii. Kwenye kinanda cha mdomo, mkono unaoshika hauna kazi kubwa. Unatulia pale pale, kama mtu anayeshikilia ngazi ili mwenzake apande. Anayepanda ni mkono wa pili: ndio unaofungua na kufunga, unaotetemesha sauti, unaoifanya ilie au inong'one. Kwa hiyo usijiulize mkono upi una nguvu ya kushika. Jiulize ni upi unaotaka ubaki huru.

Hatua ya 1: Tafuta upande wa sauti nene

Chukua harmonika ya kawaida ya matundu 10. Juu ya bati lake kuna namba 1 hadi 10. Namba zikiwa juu na matundu yakikuelekea, tundu la 1 linakaa kushoto kwako, na huko ndiko kwenye sauti nene. Sauti nyembamba ziko kulia, kama zilivyo kwenye piano. Kwenye harmonika ya ufunguo wa C, ukipuliza tundu la 1 unapata do nzito, na ukipuliza la 10 unapata do hiyo hiyo oktava tatu juu yake.

Usiamini namba peke yake. Niliwahi kununua harmonika iliyokwisha kutumika, na aliyeifungua kuisafisha alikuwa amebadilishana mabati: la juu kalifunga chini. Namba zilisema kushoto ni 1, lakini kilichotoka kushoto kilikuwa mluzi. Nilihangaika siku mbili nikidhani vilimi vya ndani, vile vinavyotoa sauti, vimekufa. Tangu hapo, chombo chochote kipya mkononi mwangu nakipuliza kwanza tundu la mwisho kushoto, halafu la mwisho kulia, ndipo nasoma namba.

Utakachoamua kuhusu mikono ni juu yako, ila sauti nene zibaki kushoto. Maandishi ya nyimbo, picha za mafunzo na walimu karibu wote wanakwenda hivyo.

Hatua ya 2: Shika kwa kushoto

Nyoosha mkono wa kushoto, kunja vidole kidogo mpaka kidole gumba na cha shahada viwe kama herufi C. Ingiza harmonika katikati yake: gumba chini, shahada juu. Irudishe nyuma hadi ikaribie pale vidole viwili vinapokutana.

Angalia sasa mahali kidole cha shahada kilipolala. Wengi wanakilaza mbele, karibu na matundu, na hapo ndipo shida nyingi za sauti huanzia. Midomo inahitaji nafasi ya kuingia ndani juu ya chombo. Ikikutana na kidole, inarudi kwenye ncha, na sauti inatoka nyembamba yenye upepo. Rudisha kidole kwenye ukingo wa nyuma wa bati. Mbele pabaki peupe kiasi cha upana wa kidole.

Vidole vitatu vilivyobaki vikae pamoja nyuma ya chombo bila mwanya kati yao. Shika kwa wepesi, kiasi cha mtu mwingine kuweza kuichomoa bila kukuvuta mkono. Na viwiko viteremke. Ukivipandisha, shingo itachoka kabla ya pumzi.

Hatua ya 3: Leta mkono wa kulia ufunge chumba

Gusanisha visigino vya viganja, ile nyama nene iliyo karibu na kifundo cha mkono. Kiganja cha kulia kizunguke upande wa kulia na nyuma, vidole vyake vikipanda juu ya vile vya kushoto. Umejenga chumba kidogo nyuma ya harmonika. Visigino ni bawaba na vidole vya kulia ni mlango.

Kipimo cha chumba ni rahisi. Toa harmonika, tengeneza mikono vile vile, kisha ielekeze kwenye taa uchungulie ndani. Kila unapoona mwanga, hapo sauti inavuja. Kwa wengi mwanya uko chini ya kidole cha mwisho cha kushoto.

Rudisha chombo, vuta pumzi tundu la 4 kwa sauti ndefu, na ufungue mlango taratibu huku sauti ikiendelea. Ukifunga inakuwa nzito, kama mtu anayesemea ndani ya mtungi. Ukifungua inang'aa. Hiyo tofauti ndiyo unayoitafuta, na ikiwa huisikii, rudi kwenye taa.

Hatua ya 4: Badilisha, upime kwa haki

Sasa shika kwa mkono wa kulia. Sauti nene zibaki kushoto, ila safari hii mshiko uko upande wa tundu la 10 na mkono wa kushoto ndio mlango. Fanya zoezi lile lile la tundu la 4: fungua na funga mara 20 polepole, kisha mara 20 haraka. Usihukumu kwa dakika ya kwanza, maana mkono mgeni lazima uwe mzito. Nawapa wanafunzi siku saba, dakika kumi kila upande.

Siku ya saba sikiliza mlango upi unafunguka sawasawa ukienda haraka. Huo ndio mkono wa kuacha huru.

Kwa mtu wa mashoto maoni yangu ni haya: jaribu kwanza mshiko wa kawaida. Wapo mashoto wengi wanaoshika kwa kushoto bila tatizo, na watakuta kila mwongozo unawafaa. Lakini nina mwanafunzi mmoja wa mashoto ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa unatikisika tu bila kufunga. Tulipogeuza, tetemesho lake lilitoka laini wiki ile ile. Huyo siwezi kumrudisha, na sitaki.

Wapo pia waliogeuza chombo chenyewe, sauti nene zikawa kulia. Sonny Terry na Paul Butterfield, wakubwa wa bluzi wa Marekani, walipiga hivyo, na hakuna wa kuwaambia walikosea. Kama umeshapiga hivyo kwa miaka, endelea. Anayeanza leo simshauri, kwa sababu atalazimika kugeuza kichwani kila anachosoma.

Kama unalenga harmonika ya kromatiki

Hapo uamuzi umeshafanywa na fundi. Kromatiki ina kitufe pembeni, upande wa kulia, na ukikibonyeza kila sauti inapanda nusu toni. Kidole cha shahada cha kulia ndicho cha kubonyeza, basi kushoto ndio kunashika. Ukifikiri siku moja utafika huko, alikofika Toots Thielemans wa Ubelgiji, zoea mshiko wa kushoto tangu sasa na hutajifunza mara mbili.

Anayepiga gitaa huku harmonika ikiwa kwenye kishikio cha shingoni hana mlango wa kufungua, mikono yote iko kwenye nyuzi. Kwake jambo ni moja tu: aifunge tundu la 1 likiwa kushoto.

Na ukimaliza mazoezi, igonge polepole kwenye kiganja, matundu yakiangalia chini, mate yatoke. Iache ikauke, kisha ilaze kisandukuni namba zikiwa juu na tundu la 1 kushoto, ili kesho mkono ukiingia humo uikute tayari ilivyo.