Picha ya matumizi ya sukari ubongoni: namna ya kuitumia kwa aliyeumia kichwa

Mtu aliyeanguka na bodaboda kwenye barabara ya Moshi–Arusha akapiga kichwa chini hapelekwi kwanza kwenye kipimo cha PET, yaani picha inayoonyesha jinsi ubongo unavyotumia sukari. Anayetapika mara kwa mara, anayezidi kusinzia, anayepata degedege, mwenye mboni moja kubwa kuliko nyingine au anayetokwa na majimaji maangavu kama maji puani au masikioni awahishwe kwenye hospitali yenye CT (mashine ya eksirei inayopiga picha za kichwa kwa vipande), kama hospitali ya rufaa ya KCMC pale Moshi, kwa sababu CT huonyesha kwa dakika chache damu iliyovuja, fuvu lililopasuka na uvimbe unaohitaji upasuaji. Picha ya sukari haiwezi kuchukua nafasi hiyo.

Nafasi yake huja baadaye, pale ambapo miezi imepita, CT ilisomeka kuwa safi, lakini mgonjwa bado anasahau alichoagizwa dukani, anakasirika bila sababu au ameshindwa kurudi kazini. Hata hapo MRI (picha ya kina inayopigwa kwa sumaku) itangulie, pamoja na vipimo vya kumbukumbu na umakini vinavyofanywa ana kwa ana. Majibu ya vipimo hivyo yakiwa hayatoshi, ndipo daktari wa mishipa ya fahamu anapokuwa na sababu ya kuomba PET, na barua ya rufaa itaje swali mahususi linalotafutiwa jibu. Kuandika tu “aliumia kichwa” hakumsaidii msomaji wa picha.

Ubongo hutumia takriban asilimia 20 ya nishati ya mwili mzima, na chakula chake kikuu ni glukosi. Katika PET mgonjwa huchomwa sindano ya glukosi iliyobadilishwa kidogo na kufungwa fluorini-18, atomu inayotoa mionzi: seli huipokea kama sukari ya kawaida, lakini haziwezi kuichoma hadi mwisho, hivyo hunasa ndani yake na kutoa mionzi inayopigwa picha. Sehemu inayofanya kazi hung’aa, na iliyozorota hufifia, hata kama umbo lake halina kasoro. Mionzi ya dawa hiyo ya sindano hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 110 hivi, kiasi kwamba ikitengenezwa Nairobi na kusafirishwa kwa gari kupitia Namanga ingefika Arusha ikiwa imebaki chini ya robo. Kwa hiyo mgonjwa ndiye anayeifuata dawa, na gharama ya safari ihesabiwe mapema.

Maandalizi yanastahili uangalifu mkubwa, kwani picha nyingi huharibikia hapa. Mgonjwa asile kwa saa 4 hadi 6, anywe maji matupu, na sukari ya damu ipimwe kabla ya sindano, maana ikizidi 200 mg/dL hushindana na dawa na picha hufifia. Mwenye kisukari, mjamzito au anayenyonyesha aseme mapema. Kisha alazwe kwenye chumba tulivu chenye mwanga hafifu kwa nusu saa au zaidi, bila simu, bila kusoma na bila mazungumzo. Ndugu aliyemsindikiza asubiri nje, kwa kuwa hata kusikiliza habari za nyumbani huamsha sehemu za ubongo zinazohusika na lugha.

Katika kusoma picha, upande wa kulia hulinganishwa na wa kushoto, na mgonjwa hulinganishwa na watu wenye afya wa umri wake. Baada ya jeraha, upungufu huonekana mara nyingi kwenye sehemu za mbele, za pembeni na kwenye thalamasi (kituo cha katikati ya ubongo kinachopitisha taarifa), na wakati mwingine mbali na palipogongwa, kwa sababu sehemu iliyokatiwa mawasiliano na palipoumia hupunguza kazi. Hata hivyo sonona, pombe, dawa za usingizi na baadhi ya dawa za kifafa huacha alama zinazofanana. Ndiyo maana sikubali PET peke yake itumike kuthibitisha jeraha, iwe kliniki au mahakamani kwenye madai ya bima. Omba ripoti itaje kiwango cha sukari, dawa anazotumia na tarehe ya ajali, kisha uchukue picha zenyewe kwenye diski, ili daktari wa Moshi au Arusha aziweke kando ya MRI na azisome mwenyewe.