Somo: Kuseti tapeti za kwadi yako mwenyewe, Honda TRX400EX

Assalaam aleikum na habari za asubuhi ndugu zangu. Somo hili niliwaahidi tangu siku ile tuliyoikokota kwadi (pikipiki ya magurudumu manne) ya mwenzetu kutoka Tongoni kwa kamba, injini imekata pumzi kabisa. Shida yake ilikuwa tapeti, yaani upenyo wa valvu, na mimi mwenyewe nilishapitia hapo.

Kwadi yangu ilikuwa inalia tapeti, nikaipeleka gereji. Fundi akazikaza mpaka zikanyamaza, injini ikatulia kama cherehani mpya, nikalipa na kushukuru. Wiki chache baadaye ikaanza kugoma kuwaka ikiwa ya moto. Hedi (kichwa cha injini) ilipofunguliwa, valvu moja ya moshi, ule mlango mdogo wa kutolea moshi, ilikuwa imeliwa ukingoni, pameng'oka kipande cha ukubwa wa punje ya mchele, na pembeni yake chuma kimepauka kama jivu. Niliishika mkononi muda mrefu. Ilikuwa ni robo saa tu ya kupima, hasara yote ile isingekuwepo.

Shikeni hili kabla ya kushika spana. Valvu ikipata moto hurefuka. Ule upenyo mdogo kati ya skrubu ya roka (mkono mdogo unaoisukuma valvu) na ncha ya valvu ndiyo nafasi yake ya kurefukia. Ukiumaliza, valvu haifungi sawasawa kwenye siti yake (ukingo wa hedi inapokaa ikifunga), moto unapenya pembeni, na kwa kuwa valvu hupoa kwa kugusa siti, inazidi kuungua. Tapeti iliyolegea itakupigia kelele. Iliyobana haina kelele yoyote, na hiyo ndiyo ya kuogopa.

Vipimo vya TRX400EX: valvu za kuingiza 0.10 mm, za moshi 0.12 mm. Za moshi zinapewa zaidi kwa sababu ndizo zinazopata joto kali. Injini ina valvu nne, mbili kila upande, na zote zinasetiwa kwa skrubu na nati.

Hatua ya 1. Injini iwe baridi, chini ya nyuzi joto 35. Kwa jua letu la Februari, kwadi iliyoanikwa uwanjani inapita hapo bila hata kuwashwa. Mimi yangu naiingiza kivulini tangu jioni, kazi naianza baada ya swala ya alfajiri.

Hatua ya 2. Toa siti ya kukalia, kava la tangi na tangi lenyewe, kisha usifungue kitu kingine. Safisha kwanza. Wanaoendesha Mwambani na kwenye njia za mashamba ya mkonge wanajua vumbi linavyojishindilia kuzunguka hedi, likichanganyika na oili linakuwa kama ugali uliokauka. Chukua brashi ya meno ya zamani na mafuta ya taa, sugua kuzunguka vifuniko vya valvu na tundu la plagi, kisha puliza kwa upepo. Chembe ya mchanga ikidondoka ndani inaenda kusaga kamshafti (mhimili unaosukuma roka) na roka zenyewe. Mimi hatua hii naipa muda kuliko zote.

Hatua ya 3. Toa plagi ili krenki (mhimili mkuu wa injini) izunguke kwa wepesi, ziba tundu kwa kitambaa safi. Fungua vifuniko vya valvu. Upande wa kushoto wa injini fungua vile vifuniko viwili, cha kuingizia spana ya boksi ya kuzungushia krenki na cha kuchungulia alama.

Hatua ya 4. Zungusha krenki kinyume cha saa mpaka alama ya T ilingane na alama ya kwenye kava. Sasa zitikise roka kwa vidole. Zote zikicheza kidogo, pistoni iko juu kwenye kompresheni (mgandamizo), endelea. Zikiwa zimebana, uko kwenye mzunguko wa kutoa moshi, zungusha duara moja zaidi. Ukiipita alama usirudishe nyuma, zunguka upya mpaka uifikie. Injini kubwa za silinda moja huwa na dekompresa inayoinua valvu ya moshi kidogo, na ukirudi kinyume inaweza kukudanganya kipimo.

Hatua ya 5. Pima kabla ya kulegeza chochote, uandike. Fila geji (kibamba chembamba cha chuma cha kupimia upenyo) ya saizi sahihi inapita kwa kukwaruza kidogo, kama unavyovuta noti iliyobanwa katikati ya daftari. Ikiteleza tu, pamelegea. Ukilazimika kuisukuma mpaka inapinda, pamebana. Kama seti yako haina 0.12, unganisha 0.05 na 0.07.

Hatua ya 6. Legeza nati, geuza skrubu taratibu geji ikiwa ndani, ishikilie skrubu isizunguke, kaza nati. Pima tena, maana nati ikikazwa huburuta skrubu nayo. Mara nyingi narudia mara mbili au tatu valvu moja, na sioni aibu.

Hatua ya 7. Zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, rudi kwenye T, pima zote nne upya. Kagua oringi za vifuniko, rudisha plagi, funga.

Maswali ya wanachama

Swali, kutoka Muheza: Mkuu, mimi nina bodaboda ya 125. Nitumie vipimo hivi hivi?
Jibu: Hapana kaka. Utaratibu ni uleule, namba ni za injini yako. Honda CG125 kwa mfano ni 0.08 mm valvu zote mbili. Tafuta kitabu cha pikipiki yako, usikopi za jirani.

Swali, kutoka Pangani: Shikamoo fundi. Yangu ni Yamaha YFZ450, nimefungua sijaona skrubu.
Jibu: Marahaba. Hiyo inatumia shimu, vile vidonge vya chuma chini ya vikombe vya valvu, na lazima kamshafti zitoke. Hesabu yake: unene wa shimu ya zamani, jumlisha upenyo uliopima, toa upenyo unaoutaka. Shimu ikiwa 1.80, umepima 0.08 na unataka 0.12, unahitaji 1.76. Ukikosa hiyo, chukua 1.75, utapata 0.13. Weka alama kwenye cheni ya taimingi kabla ya kutoa kamshafti. Kama hujawahi kuseti taimingi, mara ya kwanza fanya na mtu anayejua.

Swali, kutoka Ngamiani: Nimeseti kama ulivyosema, sasa inalia zaidi kidogo kuliko mwanzo. Nimeharibu?
Jibu: Ulipopima mwanzo ulipata ngapi? Kama geji ya 0.05 haikupita, basi zilikuwa zimebana na sasa ndiyo ziko sawa. Mlio mwepesi wa tiki-tiki uache hivyo hivyo. Nakuomba usimruhusu mtu akukazie.

Swali, kutoka Raskazone: Kaka, yangu asubuhi inawaka vizuri, nikishaizungusha ufukweni nikazima haiwaki tena mpaka ipoe. Ni kabureta?
Jibu: Dada, anza na tapeti kabla ya kugusa kabureta. Valvu iliyobana ikipata joto haifungi, kompresheni inapotea, ikipoa inarudi. Ukikuta upenyo hakuna kabisa, seti, kisha pima tena baada ya safari mbili. Upenyo ukipotea tena, valvu inazama kwenye siti na kuseti hakutasaidia, hedi itoke ikasagwe. Na kagua filta ya hewa. Kwa anayeendesha ufukweni, sponji ioshwe kwa sabuni, ikauke, ipakwe oili ya filta. Mchanga unaopita hapo ndio unaokula siti za valvu za kuingiza.

Swali, la huyo huyo: Asante sana. Nipime kila baada ya muda gani?
Jibu: Mimi napima kila nikibadilisha oili mara ya pili, na daftari nalifungua kulinganisha. Valvu ya moshi ya kulia ikionyesha 0.12, kisha 0.10, kisha 0.07, nitaanza kuweka akiba ya hedi mapema.