Kufuatilia Matumizi ya Kila Mtumiaji Kwenye Seva ya Linux

Kwenye seva inayotumiwa na watu wengi, kama zile za idara za vyuo vikuu ambako wanafunzi na watafiti huendesha kazi zao usiku na mchana, malalamiko kwamba seva ni nzito hayaishi, na kila mmoja humshuku mwenzake. Msimamizi anayetegemea amri ya top pekee hawezi kuwaamua kwa haki, kwa sababu top huonyesha yanayoendelea wakati huo tu. Mchakato (programu inayoendeshwa) uliokula kichakato (CPU) usiku kucha ukamalizika alfajiri hauonekani tena asubuhi. Kinachohitajika ni daftari la michakato, ambalo kiini cha mfumo (kernel) chenyewe hulijaza kila mchakato unapokoma.

Kwenye Debian na Ubuntu, kifurushi chake huitwa acct, na kwenye Fedora na Red Hat huitwa psacct. Ukishakisakinisha, toa amri ya sudo systemctl enable --now acct, au uandike psacct badala yake, ili daftari lijiwashe lenyewe kila seva inapoanzishwa upya. Kumbukumbu huandikwa katika /var/log/account/pacct kwenye Debian, na /var/account/pacct kwenye Red Hat.

Ukitaka kujua mtu fulani aliendesha nini, tumia lastcomm --user ukifuatisha jina lake la kuingilia. Kila mstari utakupa jina la programu, mtumiaji, kituo (terminal) alichotumia, sekunde za kichakato na saa programu ilipoanza. Herufi zinazofuata jina la programu zisipuuzwe: X ina maana kwamba mchakato ulikatishwa kwa ishara, na S kwamba uliendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi mkuu.

Muhtasari wenyewe hutolewa na amri ya sudo sa -m, ambayo humpa kila mtumiaji mstari mmoja wenye idadi ya michakato yake, kisha dakika za saa ya ukutani zilizoandikwa re, na dakika za kichakato zilizoandikwa cp. Hapa ndipo penye hukumu, na ni vyema tarakimu hizi mbili zisomwe pamoja. Mtumiaji mwenye 900.00re na 0.40cp hajamwonea mtu. Yaelekea aliacha kihariri wazi akaenda kulala. Lakini mwenye 60.00re na 420.00cp ametumia, kwa wastani, viini saba vya kichakato kwa wakati mmoja, na huyo ndiye wa kuzungumza naye kwanza. Ukitaka kujua ni programu gani hasa, sa -a huorodhesha zote kwa majina, hata zile zilizoendeshwa mara moja tu, ambazo kwa kawaida hufungwa pamoja chini ya ***other.

Kabla ya kumtuhumu mtu, fahamu mipaka ya daftari hili. Mchakato ambao bado unaendelea haujaandikwa, hivyo kazi ya siku tatu haitaonekana hadi ikome, na kwa hiyo top bado ina nafasi yake. Majina hukatwa yakizidi herufi 15, na vigezo vya amri havihifadhiwi kabisa, kwa hiyo utaona python3 bila kujua ni hati ipi iliyoendeshwa. Katika jedwali la sa, safu ya avio, yaani wastani wa shughuli za kusoma na kuandika, kwenye Linux huwa sifuri, kwani kiini hakiijazi, na safu ya k, ya matumizi ya kumbukumbu (RAM), haionyeshi kilele kilichofikiwa. Anayetaka kilele hicho aendeshe kazi yake kwa /usr/bin/time -v, kisha asome mstari wa Maximum resident set size.

Angalia pia nafasi ya diski. Kwa mipangilio ya kawaida, kiini huacha kuandika daftari pale nafasi iliyobaki inaposhuka hadi asilimia 2, na hurejea ikifika asilimia 4; katika kipindi hicho michakato inayokoma haiachi alama yoyote. Kwa hiyo faili za zamani zibanwe na kuhamishwa mapema, nawe utaweza kuzisoma baadaye, baada ya kuzifungua, kwa kumpa sa njia ya faili husika.