Ekari chache, dume mzee: angalia upepo na njia ya kutokea

Ukiwa na ekari 20 au 30 tu za kuwindia kulungu wa mkia mweupe kwa upinde huku Marekani, usikae kwenye ulingo uleule (jukwaa dogo la kuwindia linalofungwa mtini) kila jioni. Dume wa miaka minne, mitano hahitaji kukuona. Akinusa ulikopita mara moja mbili, atatembea usiku tu, au atahamia kwa jirani, ambako huna ruhusa ya kumfuata.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua mti, chagua njia. Utaingiaje bila kukatiza anapolala? Na utatokaje gizani wakati kulungu wamejaa malishoni? Mti mzuri usio na njia ya kutokea, mimi nauacha. Funga ulingo pembezoni, upepo ukitoka kwake kuja kwako. Upepo ukigeuka siku hiyo, baki nyumbani hata kama umeshaandaa upinde. Jioni kukipoa, hewa huteremka bondeni na harufu yako nayo. Asubuhi jua likipasha mteremko, hupanda. Utabiri wa kwenye simu haukuambii hilo. Ule mti bora kuliko yote utunze hadi mwanzoni mwa Novemba, majimbo ya kaskazini, madume wanapowasaka majike mchana kweupe.

Ulingo uwe juu kiasi gani? Futi 18 zinatosha. Ukizidi sana, mshale unashuka wima mno na huenda ukatoboa pafu moja tu, halafu umtafute usiku kucha. Mkanda wa usalama uvae ukiwa bado chini.