SOMO: Utani wa kingono kazini, na hatua za mwajiri

Swali hili linarudi kila wiki: "Wanataniana tu, shida iko wapi?" Jibu lote liko hapa, atakayeuliza tena aelekezwe huku.

Msimamizi wa shamba la maua Naivasha au kiwanda cha samaki Kisumu anayewapa ovataimu wanaouchekea utani wake wa kingono ameshaharibu kazi, hata kabla mtu hajalalamika. Wasiomchekea hulegea au huhama, na mkubwa hapati habari kwa sababu kila ripoti hupitia kwa huyo huyo. Wala sheria haisubiri mtu aguswe. Maneno na picha za kingono zisizotakikana zinatosha kuwa unyanyasaji zikimharibia mtu kazi.

1. Hesabu wafanyakazi. Wakifika 20, sera ya maandishi ni lazima (Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 6). Wakiwa wachache, iandike vilevile.

2. Iandae pamoja na wafanyakazi au wawakilishi wao. Ieleze unyanyasaji wa kingono ni nini, malalamiko yanapelekwa wapi, adhabu, na kwamba jina la mlalamikaji halitatajwa ila uchunguzi au nidhamu ikilazimu.

3. Isomee kila mtu, vibarua wakiwemo, kwa lugha wanayoielewa.

4. Teua wapokeaji wawili wa malalamiko, mwanamke na mwanamume, na yeyote kati yao asiwe msimamizi wa zamu.

5. Lalamiko likija. Hapa ndipo wengi huangukia, kwa njia mbili. Ya kwanza ni kumhamisha mlalamikaji "kwa usalama wake" hadi zamu mbaya. Hiyo ni adhabu, na wengine wakiiona hakuna atakayesema tena. Ya pili ni kumfukuza mtuhumiwa siku hiyo hiyo kwa hasira. Kifungu cha 41 cha sheria hiyo hiyo kinadai asikizwe kwanza, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama. Ukikiruka, hata mwenye hatia aweza kushinda kesi na kulipwa hadi mishahara ya miezi 12, na aliyeumizwa anabaki akitazama.

Kwa hivyo andika maelezo siku ile ile: tarehe, saa, mahali, maneno kama yalivyotamkwa. Usiulize alivaa nini. Mashahidi wahojiwe mmoja mmoja. Mtuhumiwa akae nje ya kazi huku akilipwa mshahara, apewe barua ya tuhuma na muda wa kujiandaa. Aliyechunguza asiongoze kikao cha nidhamu. Uamuzi uandikwe, na nafasi ya rufaa iwepo.

MASWALI

Kondele_Juakali: Mimi nina watu 12, basi hainihusu?
— Soma hatua ya 1. Ishirini ni idadi ya kulazimisha sera. Kunyanyasa hakuruhusiwi hata kwa wawili.

Mwalimu_wa_Kakamega: Je, watu wazima wawili wakipendana kwa hiari?
— Swali zuri, mwalimu. Sheria ya Ajira haiwakatazi. Hatari huja mmoja anapomtathmini mwenzake au kumtilia sahihi likizo na malipo. Mwondolee mkubwa mamlaka hayo, ayashike mtu mwingine, usimhamishe mdogo. Fanya hivyo mapema, kwa sababu wakiachana, kila alama ya tathmini itakuwa ugomvi.

Section58: Picha chafu zilitumwa Jumamosi usiku kwenye WhatsApp ya zamu. Si kazini hapo.
— Kundi linapanga zamu? Basi ni kazini.

Section58: Mnakuza mambo. Na mwanamke akimwandama kijana wa stoo?
— Hatua ni zile zile. Kifungu cha 6 hakitaji jinsia.

Dada_Milimani: Mtu akiogopa kulalamika ndani?
— Dada, apige 1195, namba ya msaada kwa waliodhulumiwa kijinsia, ni bure. Polisi pia: chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, mwenye mamlaka anayemwandama mtu kingono bila kukoma hufungwa si chini ya miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Wazee wa kijiji wasiitwe kupatanisha.

Dada_Milimani: Na jumbe za simu?
— Piga picha ya skrini nzima, namba na tarehe zionekane, usikate pembeni. Usifute mazungumzo wala kuuza simu. Kesi ikifika kortini utahitaji hati ya kuthibitisha ushahidi wa kielektroniki, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, na wakili atataka kuiona simu yenyewe.