Kuutembelea Mto Kushiro na Kinamasi Chake

Msomaji aliyekulia Mbarali, mkoani Mbeya nchini Tanzania, karibu na kinamasi cha Ihefu, hatajiona mgeni huko Kushiro, kisiwani Hokkaido nchini Japani, pindi atakapoona matete yalivyotanda kandokando ya mto; hata hivyo, asipachukulie kwa mazoea. Kinamasi hiki, ambacho mwaka 1980 kilikuwa cha kwanza nchini Japani kuorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, yaani mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, kina ardhi laini inayodidimia, kwa hiyo pita kwenye njia za mbao pekee.

Anzia kilimani Hosooka, uione mikunjo ya mto kabla ya kuushukia. Kisha kodi mtumbwi katika Ziwa Toro alfajiri, pamoja na mwongozaji, upige kasia taratibu bila kelele, kwa sababu korongo wenye utosi mwekundu, ambao mwanzoni mwa karne ya 20 walidhaniwa kuwa wametoweka nchini humo, huruka wakisumbuliwa, nami naamini hakuna picha inayostahili kuwafukuza kwenye kiota chao.

Hata mwezi Julai, ambao kule ni majira ya joto, ukungu huwa mzito. Beba sweta unalovaa Uyole, kwenye baridi ya Mbeya, mwezi huohuo. Dubu wapo, hivyo usiache mabaki ya chakula.