Namna ya Kuchagua Bima ya Nyumba Itakayolinda Baiskeli ya Thamani Kubwa

Bima ya nyumba kwa kawaida huwa na sehemu mbili, na baiskeli huangukia katika ile ya pili. Sehemu ya kwanza hulinda jengo lenyewe, yaani kuta, paa, milango na vyote vilivyoshikamana navyo. Ya pili hulinda mali iliyomo ndani: samani, nguo, vyombo, vifaa vya umeme na, ikiwa mkataba haukusema vinginevyo, baiskeli. Aliyekata bima ya jengo peke yake hana kinga yoyote ya baiskeli yake. Mpangaji naye asidhani kwamba bima ya mwenye nyumba inamhusu, kwa kuwa ile hulinda mali ya mwenye nyumba.

Ukishajua kwamba bima unayoitazama inagusa mali ya ndani, usiridhike na kumuuliza wakala kama baiskeli inalindwa. Atajibu kwamba inalindwa, na jibu lake litakuwa la kweli, lakini halitoshi. Baiskeli inaweza kulindwa ikiwa sebuleni na isilindwe ikiwa katika kibanda cha uani. Ikalindwa dhidi ya mwizi aliyevunja mlango na isilindwe dhidi ya yule aliyeukuta mlango wazi. Au ikalindwa kila mahali, ila fidia ikaishia kwenye sehemu ndogo tu ya bei yake. Ndiyo maana ninashauri uanze na baiskeli yenyewe kabla ya kuanza kulinganisha kampuni. Andika inapolala, inapokwenda, inapofungwa ukiwa kazini au sokoni, ni nani wengine wanaoiendesha, na ingegharimu kiasi gani kuinunua upya leo. Kisha omba maandishi kamili ya mkataba, si kipeperushi cha matangazo, uyasome huku ukiifuata baiskeli hiyo kutoka mahali hadi mahali.

Thamani ndiyo ya kushughulikia kwanza, nayo inahitaji uangalifu kuliko watu wengi wanavyodhani. Bei uliyolipa miaka mitano iliyopita si kipimo kizuri, kwa sababu kinachotakiwa ni gharama ya kupata baiskeli ya aina hiyo leo. Kwa wapenda baiskeli wengi, fremu iliyonunuliwa dukani ni mwanzo tu: baadaye magurudumu hubadilishwa kwa yale ya kaboni, tandiko na usukani huwekwa vingine, pedeli hununuliwa peke yake, na huongezwa kipima nguvu, taa na kompyuta ndogo ya kuonyesha mwendo na njia. Nyongeza hizo zinaweza kukaribia bei ya baiskeli yenyewe. Ziandike moja moja pamoja na bei zake za sasa, na utunze risiti ya kila kimoja. Anayeunda baiskeli yake mwenyewe kwa vipande kutoka sehemu mbalimbali ana sababu kubwa zaidi ya kufanya hivyo, maana hana risiti moja ya duka inayoonyesha thamani ya baiskeli nzima.

Ukiwa na jumla hiyo mkononi, tafuta katika mkataba kikomo cha kitu kimoja. Hiki ni kiasi cha juu kabisa ambacho kampuni italipa kwa kitu chochote kimoja ambacho hakikutajwa kwa jina, hata kama mali yako yote imekatiwa bima ya kiasi kikubwa sana. Kikomo hicho hupangwa kwa kufikiria vitu vya kawaida vya nyumbani, na baiskeli ya kaboni au ya umeme hukipita kwa urahisi. Tena mikataba mingine ina kikomo cha pili, cha chini zaidi, kinachohusu baiskeli pekee, na mara nyingi kimeandikwa mbali na kile cha kwanza. Dawa yake ni kuomba baiskeli itajwe rasmi katika orodha ya vitu maalumu, ikionyesha aina, modeli, namba ya fremu na thamani. Ada itapanda kiasi fulani, lakini kwa maoni yangu hakuna fedha inayotumika vizuri zaidi katika shughuli hii yote. Baiskeli ya thamani kubwa isiyotajwa katika mkataba ni baiskeli iliyolindwa nusunusu.

Kutaja thamani hakumaanishi kwamba utalipwa thamani hiyo. Ipo mikataba inayolipa gharama ya kitu kipya badala ya kilichopotea, na ipo inayokata uchakavu, ikilipa kile ambacho baiskeli ingeuzwa ikiwa imekwishatumika. Tofauti yake ni kubwa, kwa kuwa baiskeli hupoteza thamani sokoni upesi hata ikiwa bado inaendeshwa vizuri kabisa. Soma kwa makini zaidi ikiwa kampuni inalipa kipya kwa miaka michache ya mwanzo kisha ikahamia kwenye malipo yenye makato. Uliza pia itakuwaje ikiwa modeli yako haitengenezwi tena, na kama utapewa fedha taslimu au utalazimika kununua katika duka lililochaguliwa na kampuni.

Lipo kosa jingine la thamani ambalo huwaumiza hata watu waliotaja baiskeli zao, nalo ni kukatia mali yote ya nyumbani bima pungufu ili ada iwe ndogo. Mikataba mingi ina kifungu kinachoiruhusu kampuni kupunguza fidia kwa uwiano uleule uliopunguza thamani. Tuseme mali yako yote ina thamani ya 100 kwa fedha yoyote ile, nawe umeikatia bima ya 60. Ukipata hasara ya 20, kampuni inaweza kukulipa 12 tu, ingawa hasara yenyewe iko chini sana ya kiasi ulichokatia bima. Kwa hiyo baiskeli inapoingia nyumbani, jumla ya mali yote nayo ipandishwe.

Baada ya thamani yanafuata mahali na namna ya kuhifadhi. Neno “nyumbani” lina maana ndefu au fupi kulingana na mkataba. Vyumba vya ndani vimo bila shaka. Gereji iliyoungana na nyumba huwa imo mara nyingi. Kibanda kilichojitenga uani huwa na kikomo chake cha chini, na pengine masharti ya aina ya kitasa na kufuli. Korido, ngazi na chumba cha pamoja cha kuwekea baiskeli katika jengo la ghorofa ndipo penye mashaka zaidi, kwa kuwa wakazi wengine na wageni wao hupita hapo bila kuvunja chochote, na mikataba mingi hulipia wizi wa ndani pale tu panapoonekana dalili za kuingia kwa nguvu. Mtu anayelaza baiskeli yake koridoni anapaswa kupata jibu la maandishi kuhusu mahali hapo hasa. Na anayesafiri kwa muda mrefu atazame kifungu cha nyumba isiyokaliwa, ambacho kwa kawaida huondoa kinga ya wizi baada ya siku 30 au 60 mfululizo bila mtu kuishi humo.

Baiskeli hununuliwa ili itoke, na hapa ndipo bima nyingi za nyumba huishia. Kinga ya nje ya nyumba huwa ni nyongeza inayolipiwa peke yake, nayo ina mipaka ya kijiografia: pengine ndani ya nchi tu, pengine nje pia kwa idadi fulani ya siku kwa mwaka. Ukiichukua, soma masharti ya kufunga neno kwa neno. Kwa kawaida utatakiwa kuifunga fremu yenyewe, wala si gurudumu peke yake, kwenye kitu kisichong’oleka wala kuinuliwa, kwa kufuli la kiwango kilichotajwa. Kampuni za Uingereza huweza kudai kufuli lililopimwa na Sold Secure, taasisi ya kupima kufuli ambayo hupanga kufuli za baiskeli katika madaraja ya Bronze, Silver, Gold na Diamond; Uholanzi hutumia alama za ART zenye nyota. Daraja linalodaiwa huweza kupanda kadiri thamani ya baiskeli inavyopanda, hivyo kufuli ulilotumia kwa baiskeli yako ya zamani huenda lisitoshe kwa mpya. Kebo nyembamba hukatwa kwa koleo dogo, na ni nadra kutimiza masharti haya. Hifadhi risiti ya kufuli pamoja na funguo zote zilizokuja nalo, kwa sababu kampuni inaweza kuziomba kama ushahidi kwamba ulifunga.

Angalia pia kama ipo saa ambayo baiskeli haitakiwi kuwa nje, au muda wa juu wa kuiacha mahali pamoja, hasa vituo vya treni na mabasi ambako wengi huiacha kutwa nzima. Baiskeli iliyofungwa nyuma ya gari au juu ya paa lake huwa na sharti lake. Vipande navyo visisahaulike: mikataba mingi hailipi gurudumu, tandiko au taa iliyoibwa peke yake wakati fremu imebaki, na magurudumu ya kufunguliwa kwa mkono huondoka kwa sekunde chache. Mwenye magurudumu ya bei kubwa atafute mkataba unaovitaja vipande hivyo waziwazi.

Wizi si hasara pekee. Mkataba wa kawaida hulipia moto, mafuriko, dhoruba na wizi, lakini kuanguka njiani na kupasua fremu huhitaji kinga ya uharibifu wa ajali, na si kila kinga ya aina hiyo inafuata baiskeli nje ya nyumba. Kwa fremu za kaboni jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa pigo linaweza kuharibu tabaka za ndani huku rangi ya juu ikionekana haina kitu. Uliza kama kampuni italipia ukaguzi wa fundi mwenye ujuzi wa kaboni, au itasubiri mpaka ufa uonekane kwa macho. Uchakavu wa kawaida, kutu, minyororo iliyolegea na tairi zilizoisha havilipiwi popote. Mashindano nayo hutengwa katika mikataba mingi, hata yale ya kirafiki ya mwisho wa wiki yanayopimwa kwa saa, na matumizi ya biashara kama kupeleka vifurushi na chakula karibu kila mara hutengwa. Anayesafirisha baiskeli kwa ndege aulize kuhusu uharibifu ndani ya sanduku, maana bima ya nyumba huweza kuukana na shirika la ndege likalipa kwa kikomo chake lenyewe.

Baiskeli ya umeme inadai swali la ziada: je, kisheria ni baiskeli au ni chombo cha moto? Mikataba mingi ya nyumba hutenga vyombo vya moto kabisa. Katika Umoja wa Ulaya, baiskeli yenye mota isiyozidi wati 250, inayosaidia tu wakati mwendeshaji anapiga pedeli na kuacha kusaidia ikifika kilomita 25 kwa saa, huhesabiwa kuwa baiskeli; zile za kasi zinazosaidia hadi kilomita 45 kwa saa huhesabiwa kuwa vyombo vya moto, zikahitaji usajili na bima yake. Nchi nyingine zina mipaka yake, kwa hiyo tazama sheria ya mahali unapoishi. Kuifungulia programu ya mota ili ikimbie zaidi huweza kuitoa baiskeli katika kundi lake, na pamoja na hiyo ikaondoka kinga yote. Kuhusu betri, uliza kama imo katika thamani, kama inalindwa ikiibwa peke yake, na kama kuna masharti ya mahali pa kuichaji, kwa sababu betri za lithiamu zilizoharibika au kuchajiwa kwa chaja isiyo yake zimesababisha moto majumbani.

Sasa linganisha gharama. Tazama sehemu ya kwanza ya hasara ambayo utaibeba mwenyewe, kwani ikiwa kubwa, madai madogo hayatakuwa na faida. Tazama pia athari ya dai moja juu ya bima yote: dai la baiskeli linaweza kuondoa punguzo la ada wanalopewa wasiodai fidia na kupandisha ada ya nyumba nzima mwaka unaofuata. Hapa ndipo bima ya baiskeli peke yake inapostahili kufikiriwa. Baiskeli ikiwa hutoka mara chache na hulala ndani ya nyumba, bima ya nyumba yenye orodha ya vitu maalumu hutosha na huwa nafuu. Ikiwa hufungwa mjini kila siku, hushindana au husafiri nje ya nchi, bima ya peke yake huwa na maneno yaliyoandikwa kwa ajili ya maisha hayo, nami ningeichagua hata kwa ada kubwa zaidi. Dhima, yaani wajibu wa kumlipa mtu utakayemgonga kwa baiskeli, mara nyingi imo katika bima ya nyumba. Hakikisha tu kwamba haikomei getini.

Unapojaza fomu, sema ukweli wote kuhusu mahali pa kuhifadhi, thamani na matumizi, kwani taarifa ya uongo au iliyofichwa inaweza kubatilisha dai. Maswali yako yaliyobaki yatume kwa barua pepe, ukieleza hali halisi, kwa mfano baiskeli iliyofungwa kwa kufuli fulani kwenye reli ya korido ya ghorofa ya pili, na uombe jibu linalotaja kifungu cha mkataba. Maneno ya simu ni vigumu kuyathibitisha siku ya kudai.

Ukishakata bima, piga picha za baiskeli pande zote, pamoja na vipande vya bei na namba ya fremu, ambayo kwa kawaida huchongwa chini ya mhimili wa pedeli. Isajili katika hifadhidata ya baiskeli kama ipo nchini mwako, mfano wa BikeRegister ya Uingereza au Bike Index ya Marekani. Picha, risiti na barua za kampuni zihifadhiwe mahali pengine mbali na nyumba, kwenye hifadhi ya mtandaoni kwa mfano, ili moto usiviteketeze pamoja na baiskeli. Ikiibwa, toa taarifa polisi mara moja, uchukue namba ya taarifa hiyo, na uiarifu kampuni ndani ya muda uliotajwa katika mkataba. Kila mwaka kabla ya kuhuisha, pitia orodha ya vitu maalumu: ondoa baiskeli uliyouza ili usiilipie bure, na ongeza magurudumu uliyonunua tangu mwaka jana.